Alikuja Mapema

Kaka yangu Faradji Kadiri alikuwa na wake wawili, na wote wawili walipatwa na ugonjwa uleule katika mwaka mmoja. Mmoja alipasuliwa akapona. Mwingine alipewa maji ya zambarau. Watu wa Gisenyi waliposikia walisema ndiyo bahati ya mtu. Mimi sijawahi kuona bahati inayomwomba mtu karatasi yake kabla ya kumshika mkono.

Naitwa Mwamini, binti Kadiri, na kazi yangu ilikuwa kushona. Cherehani yangu ilikaa barazani, mtaa wa Waswahili, lakini nusu ya kazi niliifanya kule chini ziwani, kwenye nyumba za Wazungu zenye maua mengi kuliko watu, nikiwapimia madamu magauni yao. Miaka tisa nilipiga magoti mbele ya miguu yao na pini zimejaa mdomoni. Mtu mwenye pini mdomoni hudhaniwa hana masikio. Kifaransa chote nilicho nacho nilikiokota pale sakafuni.

Mke mkubwa wa kaka yangu aliitwa Mukandutiye, mtu wa vilima vya Cyanzarwe. Alipoolewa alisilimu, shehe akampa jina la Zamda na kutuagiza tumwite hivyo. Tulimwita hivyo wiki moja. Kisha tukarudi kwenye Mukandutiye, kwa sababu kwetu mtaani mtu wa kilimani hubaki wa kilimani hata akiswali kutuzidi, na yeye alituzidi. Alizaa watoto wanne, akalima, akauza viazi, akamfulia kaka yangu kanzu mpaka zikang'aa kama za mtu mwema.

Mke mdogo alikuwa Zaituna binti Nasoro. Baba yake alikuwa Mwarabu aliyekuja kuuza chumvi na vitambaa, akafia Rumonge. Mama yake alikuwa Mmanyema aliyetwanga sombe, majani ya muhogo, kama sisi sote. Zaituna hakuwahi kuiona Uarabuni hata kwa picha. Lakini katika kitabu cha serikali aliandikwa Mwarabu, na Waarabu waliandikwa pamoja na Wahindi kuwa Waasia, chini ya Wazungu na juu yetu wengine.

Hospitali ilikifuata kitabu hicho kwa uaminifu kuliko ilivyofuata magonjwa. Wazungu walikuwa na nyumba yao peke yao. Wahindi na Waarabu walikuwa na chumba chenye shuka nyeupe. Sisi tuliobaki, Wahutu na Watutsi na Waswahili wasio na baba wa kutoka mbali, tulikaa uani kwenye foleni, isipokuwa mke wa chifu, ambaye aliletewa kiti ili asubiri kwa heshima. Daktari alikuwa mmoja tu. Watu walimwita Bwana Saa, maana kila mgonjwa alipofungua kinywa kueleza, yeye aliinua mkono na kutazama saa yake.

Aliyeanza kuugua ni Zaituna. Ilikuwa mwezi wa tatu, mwaka wa hamsini na nne. Kila akilala na mumewe alitokwa na damu, matone tu, bila maumivu. Aliona haya siku kumi, halafu akaniambia mimi wifi yake, nikampeleka. Hatukukaa foleni. Alitoa karatasi yake, mlango ukafunguka. Bwana Saa alimtazama kwa chombo chake cha chuma, akakata kinyama kama punje ya mchele, akakitia kwenye kichupa, na kichupa kikapanda ndege kwenda Leopoldville. Baada ya wiki tano jibu likarudi: saratani ya mlango wa kizazi, na ndiyo kwanza inaanza.

"Usilie," Bwana Saa alimwambia. "Ikikamatwa hivi, tunatoa kizazi, mambo yamekwisha."

Akaandika barua kwa daktari wa kupasua wa Bukavu. Mwezi wa sita Zaituna akapanda meli, mwezi wa saba akarudi amekonda lakini mzima, na agizo la kwenda kuangaliwa tena baada ya mwaka. Kaka yangu alikuja kumwona siku ya tatu. Aliuliza ataanza lini kupika. Halafu akatoka nje akawaambia wenzake, na Zaituna akimsikia dirishani, kwamba Wazungu wamemrudishia kibuyu kitupu. Wenzake wakacheka. Wote walikuwa wanaume wenye vibuyu vyao nyumbani.

Aliyemwosha Zaituna jeraha, aliyempikia uji na kumshika mkono kwenda chooni, alikuwa Mukandutiye. Nalisema hili kwa ajili ya wale wanaopenda kusikia wake wenza wakitiliana sumu. Hawa hawakuwa na nafasi ya upuuzi huo. Walikuwa na mume mmoja, na kazi hiyo iliwatosha.

Mwezi wa nane Mukandutiye alimkuta mwenzake jikoni.

"Mudogo wangu," akamwambia, "ile damu yako ilianzaka namna gani?"

"Kwa nini unauliza, dada?"

"Mi naona yangu. Kidogo tu. Kama ya kuku."

Zaituna aliacha chungu kinafurika, akaja kwangu mbio bila viatu. "Wifi," akasema, "ni ileile. Ameniambia maneno yaleyale niliyokwambia wewe. Twende leo." Nikasema twende kesho, maana jua lilikuwa limeshapinda.

Kesho yake tulifika uani saa moja asubuhi. Tuliingia saa nane mchana. Mukandutiye alivua, akapanda kitandani, akafumba macho na kuanza kunong'ona sala. Mimi nilisimama upande wa kichwa chake. Pembeni alikuwa Straton, muuguzi, mtu wa Rubona, aliyefundishwa mambo mawili: kuandika na kunyamaza. Bwana Saa akaingiza chuma chake, akainama, akatazama.

"Tazama," akamwambia Straton kwa Kifaransa. "Ni kama ya yule Mwarabu. Ndogo sana. Mwanzo kabisa."

"Nilete kichupa, docteur?" Straton akauliza.

"Cha nini?"

"Cha Leopoldville."

Bwana Saa akacheka kidogo, bila ubaya, kama mtu aliyeulizwa na mtoto kwa nini mbuzi havai suruali. "Kwa huyu? Mpe permanganati."

Kisha akatugeukia sisi kwa Kiswahili chake, ambacho alikuwa amejifunza ili kuamrisha wapishi. "We mwanamuke, iko kidonda kidogo. Hapana kuogopa. Unanawa na hii dawa, asubui na mangaribi. Unarudi kisha miezi mitatu."

Nikamwambia, "Bwana daktari, wifi yangu mwingine mlimkata nyama mkaipeleka kwa ndege. Huyu je?"

Akatazama saa. "Ile iko Mwarabu. Hii iko mwanamuke wa hapa. Wanawake wa hapa iko na nguvu. Na Bukavu hawana kitanda ya wanawake wa hapa kwa mambo hii. Wanakujaka kisha imeoza."

"Lakini huyu hajaoza."

"Mwingine!" akaita.

Sasa nitasema jambo langu mwenyewe kabla hamjaniuliza. Nilikuwa na Kifaransa. Nilikuwa nimesikia neno kwa neno. Ningeweza kumwambia palepale, kwa lugha yake, kwamba nimeelewa. Badala yake nikamfunga Mukandutiye kitenge chake na kutoka, kwa sababu mke wa Bwana Saa alikuwa ameniagiza magauni mawili ya Noeli, na niliogopa kuyakosa. Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Mnaweza kunidharau, mimi nimeshaanza.

Mukandutiye alinawa na hiyo permanganati, dawa ya zambarau. Alikuwa mtii wa kutisha. Alichemsha maji, akapima unga wa dawa kwa ncha ya kijiko kama alivyoonyeshwa, asubuhi na magharibi, mpaka beseni likawa zambarau, nguo zake za ndani zikawa zambarau, na mwanawe wa mwisho akamuuliza kama anatia rangi vitambaa. Damu haikusimama. Mwezi wa kumi na moja alirudi. Bwana Saa akamwongezea dawa. Mwezi wa pili akarudi tena. Bwana Saa hakumpandisha hata kitandani. Alimtazama usoni, akasema anaonekana vizuri.

Siku hiyo Straton alitufuata mpaka kwenye ukuta wa nyuma, akiangalia huku na huku.

"Mama," akaniambia, "mi sikusema kitu, eh? Lakini bila barua ya docteur, Bukavu hawamupokee. Kama angekuwa na karatasi ya Kiarabu, barua ingeandikwa leo. Iko njia. Wazee wawili wa Kiarabu wanakuja kwa administrateur, mukubwa wa serikali, wanaapa kwamba huyu mwanamuke ni mutu wao. Bwana yake pia anaapa. Ilishafanyika kwa wengine."

Nilikwenda kwa kaka yangu. Alikuwa chini ya lori lake la kuuzia mafuta, miguu nje. Nikaiambia miguu.

"Apande cheo awe Mwarabu?" miguu ikajibu. "Yule? Wakinigundua watanifutia leseni."

"Unaapa kila siku kwamba mafuta yako ni safi, hujafutiwa kitu. Apa mara moja kwa jambo la maana."

Akatoka, akajifuta mikono. Faradji alikuwa mwanaume mzuri wa sura, na hilo ndilo jambo la mwisho zuri nitakalolisema juu yake.

"Mwamini," akasema, "tuseme wamempeleka. Watatoa kizazi. Mimi nitabaki na nyumba mbili tupu. Umefikiria hilo?"

"Ana watoto wako wanne."

"Damu ya wanawake ni shauri la wanawake," akasema, akarudi chini ya lori.

Zaituna akasema atakwenda kwa baba yake mdogo, Seifu, aliyekuwa na duka la chumvi na sabuni karibu na soko. Tulikwenda wote watatu, Mukandutiye akiwa amevaa shela ya Zaituna. Mzee Seifu alitupokea vizuri, akatuletea kahawa kwenye vikombe vidogo. Alisikiliza mpaka mwisho akitingisha kichwa kwa huruma. Zaituna akashika mguu wake.

"Baba mdogo, neno moja tu la kinywa. Wewe na mzee mwenzako."

"Mwanangu," akasema, "sisi hapa ni wachache. Serikali inatuheshimu kwa sababu tunajulikana ni akina nani. Nikianza kuapa kwamba kila mshenzi wa Cyanzarwe ni Mwarabu, kesho karatasi zetu zitakuwa na maana gani?"

Alilisema neno hilo, mshenzi, huku Mukandutiye mwenyewe ameketi mbele yake na kikombe chake mkononi. Mukandutiye alikiweka kikombe chini polepole kisimwagike. Zaituna alisimama.

"Mama yangu alikuwa nani, baba mdogo?" akauliza. "Malkia wa Maskati?"

Mzee Seifu akasema mtoto huyu amekosa adabu tangu alipopasuliwa. Tukatoka. Njiani Mukandutiye alivua ile shela, akaikunja vizuri, akamrudishia mwenzake. Hakulia. Alisema kahawa ilikuwa chungu, hakuipenda.

Nimesikia watu wakisema Wazungu ndio waliotugawa. Kweli, walitugawa. Lakini nawaambia, walipokuja na kisu walitukuta tumeshashika ubao wa kukatia.

Miezi ikaenda. Maumivu yakaanza mwezi wa tano, chini ya kiuno, upande mmoja. Harufu ikaanza. Kaka yangu akahamishia godoro lake sebuleni, akasema ni joto. Na Gisenyi ule ulikuwa msimu wa baridi.

Halafu ukafika mwezi wa saba wa mwaka wa hamsini na tano, na Zaituna alitakiwa Bukavu kuangaliwa. Barua yake ilikuwa na muhuri na ruhusa ya safari. Chini kabisa kulikuwa na mstari ambao hakuna aliyekuwa ameujali: mgonjwa wa Kiasia anaweza kufuatana na mtumishi mmoja.

Zaituna aliniletea niusome. Nikausoma mara mbili.

"Nitamwambiaje?" akasema. "Yeye ni mkubwa wangu. Aliniogesha kama mtoto. Nimwambie awe boyi wangu?"

Hakuhitaji kumwambia vizuri. Mukandutiye aliposikia alicheka, kwa mara ya kwanza tangu mwaka uliopita. "Mi nitabeba kapo yako," akasema. "Nitakuita madamu. Ni kitu gani? Bwana yetu amenifundisha kazi hiyo miaka kumi na mitatu."

Siku ya meli niliwasindikiza. Mke mdogo alitangulia mbele na mwavuli. Mke mkubwa alifuata nyuma bila viatu, kapu kichwani, huku akitembea ameachanisha miguu kwa maumivu. Karani wa bandari alisoma barua, akamwinamia Zaituna kidogo, na kumwambia Mukandutiye kwa Kinyarwanda aende akakae na mizigo. Akaenda akakaa na mizigo.

Yaliyotokea Bukavu nilisimuliwa na Zaituna. Yule daktari wa kupasua alikuwa mtu wa nywele nyeupe, mpole. Alimwambia apande kitandani. Zaituna akakataa.

"Mimi ni mzima, docteur. Mwangalie huyu."

"Huyu ni nani?"

"Mtumishi wangu." Kisha akaona haya, akasema kweli. "Mke mwenzangu. Dada yangu."

Daktari alitaka kukasirika, akashindwa. Akamwangalia Mukandutiye muda mrefu, kwa mikono yake mwenyewe, mbele na nyuma, na Mukandutiye akauma kitambaa. Alipomaliza akanawa mikono kwa muda mrefu vilevile.

"Umeanza lini kuona damu?" akauliza, na muuguzi akatafsiri.

"Mwezi wa munane, mwaka uliopita."

"Mwaka mzima umekaa nyumbani bila kumwambia mtu?"

"Hapana. Nilienda. Siku ya pili nilienda."

"Ukaonwa na nani?"

Wakamtajia. Daktari akaangalia kalamu yake. Halafu akasema kwamba mwaka jana angemtoa ugonjwa wote kwa kisu kilekile alichomtolea mwenzake, na leo angekuwa anapalilia viazi vyake. Sasa umeshapita pembeni, umeshika mifupa. Kisu hakina kazi. Kwa huruma akampa chupa ya dawa ya maumivu. Juu ya mwenzake wa Gisenyi hakusema neno, hata la kukohoa. Wao kwa wao wana adabu sana.

Walirudi na meli ileile. Safari hii Zaituna alibeba kapu, na karani wa bandari akatoa macho, asijue amwinamie nani.

Mwezi wa tisa nilikuwa nyumbani kwa Bwana Saa, nimepiga magoti, nikimpindia mkewe gauni la hariri ya kijani kwa karamu ya jioni. Pini zilikuwa mdomoni. Bwana Saa alikuwa mezani na makaratasi. Alikuwa anaandaa maneno ya kuwasomea madaktari wenzake kwenye mkutano, na alitaka mkewe asikie kama yanapendeza.

Akasoma. Alisema kwamba saratani hii huwatokea wanawake wa rangi zote, lakini haiwezekani kuwatibu sawa. Mwanamke wa Kizungu huja mapema. Wa Kiasia naye, akishauriwa, huja mapema. Mwanamke wa nchi hii, kwa ujinga na kwa haya, huja amechelewa siku zote. Kwa hiyo kutuma vichupa na kutenga vitanda kwa ajili yake ni kupoteza. Akasema katika miaka yake yote Gisenyi hajapata kumwona hata mmoja aliyekuja mapema.

"Ni vizuri," mkewe akasema. "Fupisha hapo kwenye haya."

Nilizitoa pini mdomoni moja moja, nikazichomeka kwenye zulia lao, maana sikuona pengine pa kuziweka.

"Alikuja mapema," nikasema kwa Kifaransa.

Wote wawili wakanitazama kama vile kiti kimezungumza.

"Nani?" Bwana Saa akauliza.

"Mukandutiye. Mwezi wa nane mwaka jana. Ulimwambia Straton ni ndogo sana, mwanzo kabisa, kama ya yule Mwarabu. Nilikuwa nimesimama hapo kichwani. Straton akauliza alete kichupa, ukacheka."

"Simkumbuki."

"Alirudi mwezi wa kumi na moja. Akarudi mwezi wa pili. Kitabu chako kinamkumbuka, kifungue. Amechelewa, ndiyo. Amechelewa kwa sababu wewe ulimchelewesha, na sasa unamwandika kuwa mjinga."

Uso wake ulibadilika kidogo, nikafikiri sasa atasema neno la mtu. Akainua mkono. Akatazama saa.

"Mwamini," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kulitumia jina langu, "wewe ni mwerevu, utaelewa. Vitanda ni vichache. Lazima mtu achague."

"Kile chumba cha Wahindi kimekaa kitupu tangu Pasaka. Straton hufagia buibui tu."

"Hujui unachosema."

"Najua Kifaransa, bwana. Nimejifunza nyumbani kwako. Kama nimekielewa vibaya, ninyi ndio mlionifundisha vibaya."

Madamu alikuwa amesimama juu ya kistuli, mikono juu, upande mmoja wa gauni umepindwa na mwingine unaburura. "Na pindo langu?" akauliza. Mtu anakufa, na yeye anauliza pindo. Nikachukua mkasi wangu na futi yangu, nikatoka kwa mlango wa mbele, ambao sikuwahi kuupita miaka tisa. Nasikia alikwenda karamuni hivyohivyo, na kila alipokaa alichomwa na pini za nyuma. Sikuomba msamaha kwa hilo, na sikuitwa tena katika nyumba yoyote ya ziwani. Nilianza kushona sare za wanafunzi na kanzu za maiti.

Jambo hili nilipaswa kulifanya mwezi wa nane mwaka uliotangulia. Nilipokuja kulifanya halikumsaidia mtu yeyote isipokuwa mimi, nami ndiye wa mwisho kustahili msaada huo.

Mukandutiye alikufa mwezi wa kumi na moja, asubuhi, mvua ikinyesha. Siku za mwisho alikaa kwangu, kwa kuwa kaka yangu hakuiweza harufu. Zaituna alimgeuza, akamwosha, akambadilisha vitambaa, na hakuziba pua hata mara moja. Siku mbili kabla, Mukandutiye alimwambia, "Mudogo wangu, watoto wangu usiwaache wawe wa kutumwa." Zaituna akasema hatawaacha. Kwenye mazishi shehe alimtaja Zamda, na nusu ya mtaa wakaulizana Zamda ni nani.

Mwaka haujaisha tangu mazishi, Faradji akaanza kutafuta mke. Alipata msichana wa Rubona, wa miaka kumi na saba, binti wa Mukashyaka, mwanamke aliyeuza samaki wadogo pale wanapotua wavuvi. Vitenge vilishapelekwa, siku ya kusilimu ilishapangwa.

Sikuwa na elimu yoyote. Hakuna daktari aliyeniambia kitu. Lakini najua kuhesabu mpaka mbili. Wanawake wawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule, damu tofauti, mama tofauti, karatasi tofauti, na kitu kimoja tu walichoshiriki, mume. Nilipanda gari la mizigo mpaka Rubona, nikamkuta Mukashyaka anaanika samaki.

Nikamweleza yote, bila kuremba. Sikusema najua. Nilisema nimehesabu.

Alinisikiliza akiendelea kuanika. "Ni kaka yako, huyo," akasema.

"Ni kaka yangu."

"Na unakuja kumusema kwangu?"

"Ndiyo."

"Wote wawili?"

"Wote wawili."

Akajifuta mikono, akaita bintiye ndani ya nyumba. "Leta vile vitenge," akamwambia. "Vyote. Na ile sabuni."

Faradji alikuja barazani kwangu siku iliyofuata, vitenge vimejaa mikononi kama mchuuzi. Alipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Alisema nimemvunjia nyumba, nimemwaibisha mbele ya watu wa samaki, dada gani huyu, mwanamke mkavu, mwenye wivu. Zaituna alitoka amemshika mkono mtoto wa mwisho wa Mukandutiye. Alikuwa ameshahamia kwangu na watoto wote wanne wiki tatu nyuma, na baba yao hakuwa amekuja kuuliza walipo mpaka siku hiyo, na siku hiyo pia hakuuliza.

Faradji alipoishiwa na maneno aliomba maji. Zaituna akampa. Akanywa, akarudisha kikombe, akapanda lori lake. Mwisho wa mwaka alioa Goma, kwa watu wasionijua. Alipita mbele ya baraza langu miaka miwili bila kunisalimu, na sikupungukiwa na kitu.